Naomba ushauri: relei ya AdBlue haishiki kwenye lori

Wakuu, habari za kazi. Nina lori la dizeli la Euro 5, umeme wa volti 24, linakwenda Tunduma. Wiki ya pili sasa taa ya injini inawaka na nguvu inakatwa. Mlima Kitonga nilipanda na gia ya chini kabisa, mabasi yananipita tu. Mashine ya kupima inaonyesha hitilafu kwenye saketi ya relei (swichi inayovutwa na umeme) ya pampu ya AdBlue, yale maji ya urea ya kusafisha moshi. Nikiifuta inarudi nikiwasha swichi tu, injini hata haijawaka.

Fyuzi nzima. Relei nimejaribu ya honi yenye pini na volti zilezile, hali haikubadilika. Ile ya zamani nikiipa umeme wa betri inalia "tak", na koili inasoma omu 290. Kwenye soketi, pini 30 ina volti 25 muda wote, 86 inapata umeme swichi ikiwashwa. Ila 85, inayotakiwa kupewa hasi na kontroli boksi (kompyuta ya gari), haipati kitu. Plagi ya pampu nilikuta imejaa chumvi nyeupe ya urea, nikaiosha kwa maji ya moto na kuikausha.

Fundi mmoja anashauri tuuzime mfumo wote kwa kompyuta. Mimi sitaki, naona ni kuficha ugonjwa.

Nitajuaje kama ni waya wa 85 umekatika njiani au ni boksi lenyewe limekufa? Na je, boksi linaweza kunyima hasi makusudi likihisi shoti kwenye pampu?