Naomba ushauri: kadi ya V30 inakata video ya 4K

Habari zenu wanajamvi. Kamera hurekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, yaani megabaiti 12.5 tu. Kadi ya kumbukumbu ni SDXC ya GB 128, UHS-I (aina ya muunganisho kati ya kadi na kamera), imenunuliwa hapa Kampala, ina alama za kasi ya kuandika, U3 na V30, hivyo haipaswi kuandika chini ya megabaiti 30 kwa sekunde. Hata hivyo rekodi hukatika baada ya dakika chache. (Ile 170 iliyochapishwa mbele ni kasi ya kusoma, siihesabu.)

Nimeiformati ndani ya kamera, nimefuta pini, nimebadilisha betri. Kwenye kompyuta, kwa kisomaji cha USB 3.0, H2testw (programu ya kupima kadi) ilijaza kadi nzima bila kosa, kwa hiyo ukubwa wake si wa uongo. Ila kasi ya kuandika ilianzia megabaiti 60 kwa sekunde ikaporomoka hadi 11, na hapo ndipo ninaposhuku chipu dhaifu iliyobandikwa alama isiyo yake.

Je, kuifuta kikamilifu kwa programu ya SD Association (chama kinachoweka viwango vya kadi za SD) kunaweza kurudisha kasi, au niitupe? Na kwa kuwa kamera ina tundu la UHS-I pekee, V60 (angalau megabaiti 60 kwa sekunde) ya UHS-II, muunganisho wa kasi zaidi, itanisaidia chochote kuliko V30 halisi?