Kufuatilia namna mmea unavyounda alkaloidi yake: isotopu, kuzima jeni, benthamiana au hamira?

Chipukizi:
Wakuu, naomba ulinganisho. Mmea ni kichaka cha dawa. Muundo wa alkaloidi yake (kemikali ya mmea yenye nitrojeni) unajulikana na dalili zote zinaonyesha inaanzia kwenye triptofani (asidi amino). Jenomu haijasomwa, ila RNA ya mzizi, shina, jani na ua ipo, sampuli moja kwa kila kiungo. Ninachotaka ni mlolongo mzima: kitangulizi kipi, kimeng'enya kipi, jeni ipi. Kuna LC-MS (mashine inayotenganisha molekuli na kupima tungamo zake) yenye usahihi wa juu na chumba cha kuoteshea. Mezani zipo njia nne: kulisha isotopu (kitangulizi chenye atomi nzito za kufuatilia), kuzima jeni kwa virusi (VIGS), kuwasha jeni kwa muda ndani ya Nicotiana benthamiana (ndugu wa tumbaku), na kuiwasha ndani ya hamira. Nianze na ipi, niache ipi?

Kaboni13:
Anza na isotopu, kwa sababu ni njia pekee kati ya hizo nne inayouhoji mmea wenyewe kabla hujakisia jeni yoyote. Nunua triptofani ya 13C11,15N2, yaani kaboni zote 11 na nitrojeni zote mbili ni nzito. Kata vichipukizi vichanga ukiwa umezamisha shina majini ili hewa isizibe mirija, kisha visimamishe kwenye myeyusho wa 0.5 mM chini ya mwanga. Vuna baada ya saa 2, 6, 24 na 72. Sambamba weka vichipukizi vingine kwenye triptofani ya kawaida ya kiwango kilekile. Maji matupu hayatoshi kama ulinganisho, maana triptofani nyingi peke yake hubadilisha kemia ya jani.

Unachotafuta kwenye LC-MS: triptamini ya kawaida (triptofani iliyopoteza kaboksili) inaonekana kwenye m/z (tungamo kwa chaji) 161.107. Ikitoka kwenye triptofani yako itakuwa 173.135. Ongezeko ni 12, wala si 13, kwa kuwa kaboni ya kaboksili imeshaondoka kama CO2. Hapo tayari umeiona hatua moja bila kugusa jeni. Endelea hivyohivyo na kila kilele cha LC-MS kilichobeba alama (atomi nzito): ukihesabu atomi zilizobaki utajua ni kipande gani cha triptofani kilichoingia kwenye alkaloidi na ni kipi kilichotupwa.

Ukiona ongezeko limesambaa, +1, +2, +3 badala ya kuruka mara moja, ujue mmea umeivunja triptofani na kuzungusha kaboni zake kwenye metaboli ya kawaida. Hiyo si kuingia moja kwa moja, usiitangaze. Ukiamua kutumia deuteri badala ya 13C, kumbuka vilele vyake hutoka mapema kidogo kwenye kolamu ya C18 (bomba la LC-MS la kutenganishia molekuli), hivyo usivitafute kwenye dakika ileile kabisa.

Jani_Bichi:
Nakubali, lakini isotopu haitakupa jeni hata moja. Na kuna mtego hajautaja: ukilisha kiungo ambacho si kiwanda, utapata sifuri na utadhani kitangulizi ni kingine. Nikotini imejaa kwenye majani ya tumbaku, lakini hutengenezwa mizizini na kupandishwa juu na zailemu (mirija ya maji). Lisha jani la tumbaku lililokatwa uone kama utapata kitu cha maana. Kwa hiyo jaribu mizizi na vichipukizi kwa pamoja.

Nikija kwenye jeni: data yako ya RNA haitoshi. Ukichukua dekaboksilesi ya triptofani (kimeng'enya kinachoigeuza kuwa triptamini) kama chambo na kutafuta jeni zinazopanda na kushuka nayo kwenye sampuli nne, uwiano wa 0.95 utaupata kwa bahati tu kwa mamia ya jeni kati ya 30,000. Ongeza majani ya umri tofauti, mizizi michanga na mikuu, na majani yaliyopuliziwa methili jasmonati (homoni ya kinga ya mmea) kwa saa kadhaa tofauti. Fika angalau sampuli 15 hadi 20 ndipo orodha ianze kuwa na maana. Chuja ubaki na familia za vimeng'enya zinazoendana na kemia unayoitarajia: saitokromu P450 (huongeza oksijeni), methiltransferesi, redaktesi, oksijenesi zinazotegemea 2-oksoglutareti.

Orodha ikishuka hadi jeni 20 au 30, peleka benthamiana. Mfano unaojulikana ni wa podofilotoksini mwaka 2015: jeni 29 zilizoshukiwa kutoka Podophyllum zilijaribiwa humo, na vimeng'enya sita vilivyokuwa vinakosekana vikapatikana. Kwa hamira ingebidi ujenge aina mpya kwa kila mchanganyiko. Kwenye benthamiana unachanganya bakteria waliooteshwa tu.

Utaratibu: Agrobacterium GV3101 (bakteria wanaoingiza jeni kwenye mmea), kila jeni na aina yake, pamoja na P19 ya kuzuia mmea usizime jeni ngeni. Zungusha bakteria kwenye sentrifuji (mashine inayozungusha kwa kasi), mwaga mchuzi, watawanye kwenye MES 10 mM ya pH 5.6, MgCl2 10 mM na asetosiringoni 150 µM. Waache saa mbili kwenye joto la kawaida. Mimea iwe ya wiki nne hadi tano, isiyotoa maua. Dunga upande wa chini wa jani kwa bomba la mililita 1 bila sindano. OD600 (kipimo cha wingi wa bakteria) ya kila aina iwe 0.1 hadi 0.3, na ukitoa jeni moja kwenye mchanganyiko, jaza nafasi yake kwa aina yenye GFP (protini ya kung'aa isiyohusika na njia hii) ili jumla ibaki palepale. Wengi huruka hili la kujaza, kisha wanashangaa kilele kimepanda wakati kilichobadilika ni wingi wa bakteria tu. Kitangulizi kama unacho, kidunge siku ya tatu au ya nne, uvune siku inayofuata.

Mtafuta_Chanzo:
Tatizo la benthamiana ni ukarimu wake. Ina glikosiltransferesi nyingi na hubandika sukari kwenye karibu kila hidroksili unayoizalisha. Kilele ulichokitarajia hakipo, unahitimisha kimeng'enya hakifanyi kazi, kumbe zao lako lipo likiwa limejificha. Kabla ya kuitupa jeni yoyote, tafuta tungamo la zao lako likiwa na nyongeza ya 162.053 kwa heksosi, 248.053 kwa heksosi yenye maloni, na 307.084 kwa glutathioni. Na angalia pia kitangulizi: kama kimepungua kuliko kwenye GFP, kuna kitu kimetokea hata kama hujakiona.

Hoja kubwa zaidi: benthamiana inaonyesha kimeng'enya *kinaweza* kufanya nini. Kama ndicho mmea wako unachokitumia, hilo ni swali jingine, na hapo ndipo VIGS inapohitajika. Weka kipande cha jeni cha bp 200 hadi 400 ndani ya pTRV2, uchanganye na pTRV1 (sehemu mbili za virusi vya TRV), na uandae vipande viwili visivyopishana kwa kila jeni. Vikitoa matokeo yaleyale, uwezekano wa kuwa umezima jeni ndugu kwa bahati mbaya unapungua sana. Kipande kisiwe na mfululizo wa nukleotidi 21 unaofanana na jeni nyingine. Chumba kiwe nyuzi 20 hadi 22. Joto likipanda virusi hufifia.

Weka PDS (jeni ambayo ikizimwa jani huwa jeupe) kwenye mimea ya pembeni ili weupe wa majani ukuonyeshe kuwa virusi wamefika. Usiiweke kwenye mimea unayoipima, kwa sababu jani jeupe lina kemia tofauti kabisa. Mimea ya ulinganisho ipewe pTRV2 yenye kipande cha GFP, maana pTRV2 tupu mara nyingi huudhoofisha mmea zaidi. Vianzishi vya qPCR (kipimo cha wingi wa RNA ya jeni) viwe nje ya kipande ulichotumia, la sivyo utapima RNA ya virusi na kuona jeni "imepanda".

Halafu vuna majani yaliyochipua *baada* ya maambukizi tu. Jani kuukuu limehifadhi alkaloidi iliyoundwa zamani na halitaonyesha chochote.

Hamira_Kavu:
VIGS nzuri pale virusi vinapokubali. Kwenye vichaka vyenye miti migumu TRV mara nyingi haisambai, kwa hiyo ijaribu na PDS kwanza kabla ya kutengeneza vipande kumi.

Hamira isiachwe, ila isitangulie. Kazi yake ni P450 zinazokupa utata. Tumia aina ya hamira iitwayo WAT11, ambayo tayari ina redaktesi (kimeng'enya kinachoipa P450 elektroni) ya mmea Arabidopsis, ATR1. Bila redaktesi ya mmea P450 nyingi huzembea. Washa kwa galaktosi, tenga maikrosomu (vipande vya utando wa seli vyenye P450), ongeza NADPH (chanzo cha elektroni) na kitangulizi, linganisha na maikrosomu za hamira yenye vekta tupu. Hapo unaweza kupima Km (kiasi cha kitangulizi kinachofikisha nusu ya kasi ya kimeng'enya) bila kelele za jani zima. Vimeng'enya visivyokaa kwenye utando vipeleke E. coli: kata kipande cha mwanzo kinachoelekeza kwenye plastidi, shusha joto hadi nyuzi 18, IPTG (kemikali ya kuwasha jeni) 0.2 mM.

Chipukizi:
Nashukuru. Je, si rahisi zaidi kusoma jenomu na kutafuta jeni zilizopangana pamoja kwenye kromosomu?

Jani_Bichi:
Ikitokea ni neema. Noskapini ya mpopi ina jeni kumi zilizokaa pamoja, iliripotiwa 2012. Lakini njia nyingi za mimea zimetawanyika, au zina jeni mbili tatu tu jirani. Fedha ya jenomu iende kwanza kwenye sampuli zaidi za RNA.

Kaboni13:
Kwa hiyo kwa kesi yako: isotopu kwenye mzizi na vichipukizi, RNA ya ziada kutoka kiungo kilichoonyesha alama, benthamiana, VIGS kwa jeni zilizopita, hamira kwa P450 zenye ubishi.

Jambo la mwisho ambalo halijatajwa ni utambulisho wa zao. Tungamo sawa si molekuli sawa. Hidroksili ikihama kaboni moja tungamo halibadiliki. Gandisha sampuli kwa nitrojeni ya kimiminika papo hapo, toa kemikali zake kwa methanoli 80%, na ukiwa na kiwango halisi (molekuli safi iliyothibitishwa ya kulinganishia) kichanganye na sampuli yenyewe kwenye chupa moja. Kilele kikibaki kimoja na kikaongezeka urefu kwenye kolamu mbili tofauti, na vipande vya MS/MS (molekuli ikivunjwa kwenye mashine) vikalingana, endelea. Kama kiwango halisi hakipo, dunga majani ya kutosha upate miligramu moja hivi ya zao safi, upeleke NMR (kipimo cha muundo wa molekuli).