Lenzi ya 50mm, taa ya LED au vyombo vipya? Nataka picha zangu za chakula zitambulike

Mpishi_Chumbageni
Wadau, habari za leo. Niko Tanga mjini, napiga picha za vyakula ninavyopika nyumbani: mkate wa kumimina, vitumbua, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka. Nimetenga laki nne na wiki hii nataka ninunue kitu kimoja tu. Nimebaki na machaguo matatu: lenzi ya 50mm f/1.8 iliyotumika, taa ya LED na softboksi yake (kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga), au sahani za udongo pamoja na mbao na vitambaa vya kupigia. Tatizo langu ni kwamba picha hazifanani kabisa. Moja nyeupe pee, ya pili giza, ya tatu rangi zimejaa. Nataka mtu akiiona picha ajue ni yangu kabla hajasoma jina. Nianze na kipi?

Mkonge_Mweupe
Ndugu, hujasema una kamera gani wala lenzi uliyonayo sasa. Dirisha lako limeelekea wapi? Unapika saa ngapi? Picha zinaishia kwenye simu za watu au zinachapishwa? Bila hayo kila mtu atakushauri kilichopo kabatini kwake.

Kikaango
50mm bila kusita. Lenzi za kawaida za zumu za 18–55 ukizivuta mwisho zinaishia f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa). Ukifungua f/1.8 unapata mwanga zaidi ya mara tisa, kwa hiyo usiku jikoni ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, inashuka kutoka 3200 hadi karibu 330. Nyuma kunayeyuka, masufuria hayaonekani. Ule mwonekano laini ndio watu wanaita mtindo.

Mwanga_Dirishani
Kaka Kikaango, hesabu ya mwanga iko sawa, ila chakula hakipigwi hivyo. Kwenye sensa ya APS-C, ile ndogo ya kamera nyingi za kawaida, 50mm ikiwa umbali wa sentimita 60 kwa f/1.8, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 1 tu. Ukingo wa mbele wa kitumbua unaonekana, katikati kumeshapotea. Mtu anapandisha hadi f/5.6 apate sentimita 3, au f/8 apate 4 na kidogo, na hapo faida yote ya f/1.8 imekwisha. Sahani haikimbii. Weka kamera kwenye stendi, ISO 100, shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 1/8 au hata sekunde nzima, tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2 ili kidole kisitikise, na zima feni kwa sababu majani ya kotimiri yanacheza.

Jambo jingine linalosahaulika: 50mm f/1.8 STM ya Canon haishiki fokasi chini ya sentimita 35, wakati 18–55 nyingi za Canon zinafika sentimita 25, na kwa 55mm zinakuza kitu kuliko hiyo 50mm. Matundu ya mkate wa kumimina utayapata vizuri zaidi kwa lenzi ya bei rahisi.

Mpishi_Chumbageni
Samahani kwa kuacha mambo ya msingi. Kamera ni Canon ya APS-C na 18–55 yake. Dirisha la jikoni linatazama kusini, upana kama mita moja, na mbele yake kuna ukuta wa jirani uliopakwa kijani. Siku za kazi naanza kupika saa 12 jioni, Jumamosi na Jumapili mchana. Picha zinaonekana kwenye simu tu. Na sinia la familia la sentimita 60 nalipiga mara kwa mara, kutokea juu.

Mwanga_Dirishani
Sinia linamaliza ubishi wa 50mm. Ili sentimita 60 ziingie kwenye upande mfupi wa picha, kamera ya APS-C yenye 50mm inahitaji kuwa kama mita 2 juu ya sinia. Sinia likiwa mezani unaongeza sentimita 75 za meza, na tayari uko darini. Kwa 35mm, ambayo imo ndani ya 18–55 yako, inatosha mita 1.4. Tandika mkeka sakafuni, sinia juu yake kama tunavyokula, nawe unasimama kawaida. Hakikisha kamera imelala sawasawa. Ikiinama kidogo tu sinia linakuwa yai.

Kuhusu dirisha una bahati usiyoijua. Ushauri wa Ulaya ni "tafuta dirisha la kaskazini", kwa sababu kwao jua la mchana liko kusini. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la saa sita linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha lako liko kivulini miezi kama saba mfululizo. Miezi iliyobaki linapita kusini lakini juu sana: hata Desemba linafika zaidi ya nyuzi 70 kutoka upeo, na upenu wa kawaida wa bati unalizuia. Ni mwanga laini mwaka mzima, bila pazia.

Kikaango
Sawa kwa sinia. Lakini lenzi isiyo na zumu inakufundisha mtazamo mmoja. Mwenye 18–55 leo anapiga kwa 18, kesho 40, halafu anashangaa picha hazifanani. Kwa 18 sahani ya mbele inavimba na ya nyuma inasinyaa.

Mwanga_Dirishani
Hapo nakuunga mkono. Funga pete ya zumu kwa gundi ya karatasi: kwenye 50 kwa picha za pembeni, 35 kwa sinia. Usiifungue miezi miwili.

Dafu_Changa
Siku za kazi hilo dirisha halimsaidii. Tanga jua linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo, na giza letu huingia haraka. Anahitaji taa. Ila asikilize kwanza yanayotokea kwa taa mbovu, kwa sababu duka lililoniuzia yangu liliandika "CRI 95", yaani alama ya uaminifu wa rangi, kwenye boksi na mambo yalikuwa haya.

Kwanza mistari. Umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo taa yenye saketi duni inapepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, ila ukipiga kwa shata 1/500 picha inatoka na michirizi ya giza. Nilishusha hadi 1/50, michirizi ikaondoka. Nikadhani nimemaliza.

Pili rangi, na hii haikuondoka. Mchuzi wa samaki wa kupaka wenye nyanya na pilipili ulitoka kahawia kama tope. Wastani wa CRI unahesabiwa kwa sampuli 8 za rangi zilizopauka, na wekundu mzito, unaoitwa R9, haumo. Taa inaweza kupata alama nzuri ya wastani huku nyekundu imekufa. Chakula chetu kimejaa nyanya, binzari, nyama na mawese, hivyo R9 ndiyo ya kuuliza. Muuzaji asipoijua, nenda dukani na nyanya mbivu na kamera yako. Piga nyanya nje ya mlango, ipige chini ya taa, linganisha kabla ya kulipa.

Tatu, kuchanganya. Ukiwasha taa nyeupe ya kelvini 5600 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) huku globu ya manjano ya kelvini 2700 inawaka darini, upande mmoja wa wali unakuwa wa bluu na mwingine wa chungwa, na hakuna marekebisho yatakayoponya pande zote mbili. Zima taa zote za chumba. Mimi jikoni nilisahau ile ya jokofu lililobaki wazi, ikaharibu picha nzima ya mbaazi.

Mkonge_Mweupe
Na softboksi ya sentimita 60 iwe karibu, sentimita 60 hadi 80 kutoka kwenye sahani. Ukiisogeza hadi mita 2 inakuwa kama taa ndogo, vivuli vinakuwa vikali zaidi. Umbali ukiongezeka maradufu, mwanga unabaki robo.

Bi_Kifumbu
Mwanangu wa Chumbageni, wote hawa wamesema kweli, ila umeuliza namna ya kutambulika, na hilo halimo katika lenzi wala taa. Pieter Claesz, mchoraji wa Haarlem huko Uholanzi katika karne ya 17, alichora mkate, samaki, bilauri na sahani za madini miaka nenda miaka rudi, kwa rangi chache za kahawia na kijivu na mwanga wa upande mmoja. Mtu humtambua ng'ambo ya chumba. Alichagua machache, akayang'ang'ania.

Fanya hivi. Toa picha zako 20 za mwisho, zipange pamoja kwenye kioo kimoja, ndogo ndogo. Chagua 5 unazozipenda kwa moyo. Ziulize: mwanga umetoka wapi, kivuli ni kizito au chepesi, nimesimama pembe gani, rangi ipi inarudi? Majibu yanayojirudia mara tatu au zaidi ndiyo sheria zako. Yaandike, yasizidi matano. Kwa mfano: mwanga kutoka kushoto nyuma, kivuli kibaki, pembe ni nyuzi 30 au juu kabisa, basi, rangi za udongo, nyeupe ya tui na kijani kimoja, chombo kimoja cha pwani katika kila picha. Kisha piga kitumbua kilekile siku 10 bila kuvunja hata moja. Utakapochoka ndipo utaanza kuona.

Vyombo usinunue vingi. Kawa, ungo, kifumbu na mbuzi ya nazi vimo majumbani mwetu. Sahani ziwe ndogo, sentimita 20 hadi 22, zisizong'aa. Sahani kubwa inakifanya chakula kionekane cha kuomba, na inayong'aa inarudisha dirisha lote.

Kikaango
Shikamoo Bi Kifumbu. Na kanga chini ya sahani je? Hakuna kitu cha pwani kuliko kanga.

Bi_Kifumbu
Marahaba. Kanga ni nzuri ila inashindana. Maandishi ya jina yakionekana, jicho husoma kwanza, hula baadaye. Kunja uonyeshe pindo tu, na uchague iliyofuliwa mara nyingi, rangi imetulia.

Dafu_Changa
Mimi siafiki. Jina la kanga ndiyo sahihi yenyewe! Mtu achague kanga moja, liwe nusu neno pembeni mwa picha kila mara. Hakuna Mzungu atakayeiga.

Mkonge_Mweupe
Kwa mkate wa kumimina maandishi yatashinda, kwa sinia la pilau hayatashinda. Inategemea ukubwa wa chakula ndani ya fremu.

Mwanga_Dirishani
Tukiwa kwenye mkate wa kumimina: mwanga uje chini chini kutoka upande, nyuzi 20 hivi juu ya meza, ndipo kila tundu linapata kivuli chake. Mwanga wa mbele unaufanya uonekane sponji. Vitumbua vikae kwenye karatasi dakika 3 viache mafuta kabla ya kupanda sahani. Kachumbari itiwe chumvi baada ya picha, la sivyo inatoa maji na kulegea. Mchuzi wa kupaka unaota ngozi ukipoa, hivyo bakiza vijiko viwili vya tui zito la moto umwagie dakika ya mwisho.

Mpishi_Chumbageni
Nawashukuru sana. 50mm nimeiweka kando. Nimepanga zile picha 20 na tano nilizozipenda zote ni za mchana, zote mwanga unatoka nyuma kushoto. Sikujua. Ila wali wa nazi katika zote tano una ukijani kidogo, hasa upande wa kivuli. Ni ule ukuta wa jirani?

Mwanga_Dirishani
Ndiyo, na utazidi jua likiupiga. Piga karatasi nyeupe isiyong'aa mahali pa sahani, uweke mizani ya weupe kwa hiyo, ili kamera ijue nyeupe ni ipi. Ukibaki kivulini tu, simamisha kadibodi nyeupe upande wa pili wa sahani.

Dafu_Changa
Kadibodi nyeupe itarudisha kijani hichohicho. Atundike shuka jeupe dirishani kwanza.

Mwanga_Dirishani
Shuka halichuji rangi, linatawanya tu. Kijani kitaingia kilekile.

Bi_Kifumbu
Au amwombe jirani apake chokaa.

Kikaango
Mpishi, kabla hujafika kwa jirani: ukuta uko mita ngapi kutoka dirishani, na unapigwa na jua saa ngapi?