Amekanyaga sakafu kwa kisigino mara tatu, akasema itabeba tangi la samaki!

Ndugu zangu, naandika mikono ikinitetemeka, kwani fundi niliyemwita anikagulie sakafu, aliyenifanyia haya, ameondoka sasa hivi na kikombe chake cha chai bado kina moto. Simtaji. Kila mwenye nyumba Mji Mkongwe anamjua.

Mwanangu amenunua tangi la kioo, urefu mita 1.5, upana na kina sentimita 60 kila kimoja. Hayo ni maji lita 540, yaani kilo 540 kabla ya kioo, mchanga na mawe, kwenye eneo lisilofika mita moja ya mraba. Chumba kiko ghorofa ya pili, na sakafu yake ni ya boriti za mikoko zilizofunikwa kwa mawe na chokaa tangu enzi za babu wa babu yangu. Nikamwuliza kwa adabu boriti zina hali gani pale zinapoingia ukutani, maana hapo ndipo unyevu hujificha na mchwa hula. Hakuinama wala hakugonga hata boriti moja. Alikanyaga kwa kisigino mara tatu, mbele ya mkwe wangu, akaniambia: "Bibi, hapa hata tembo atalala."

Kwa kisigino! Vumbi la chokaa likamwagikia sahani ya mpangaji wa chini, naye fundi anacheka. Beit al-Ajaib, jumba la masultani, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020, na mimi napimiwa nyumba kwa kisigino! Mara tatu!

Mkaazi_Malindi: Ni yeye. Kwangu alikanyaga mara moja tu, kwa hiyo wewe amekuheshimu.

Boriti_Kuukuu: Bibi, nawe una kosa, kwa nini ulimpa chai? Tangi hilo liweke chini. Ikiwa lazima likae juu, liegemee ukuta mnene na lilale kwa kukatiza boriti, ili nne au tano zisaidiane badala ya moja kuelemewa.

Bi_Shangani: Afadhali samaki. Jirani yangu amepandisha juu ya paa tangi la plastiki la lita 2,000, tani mbili kamili likijaa, na dari ya chumba changu cha kulala imeanza kupinda.

Mkaazi_Malindi: Hilo tangi ni jeusi? Kama ni jeusi, ndilo lililotumwagikia ngazini Ramadhani nzima.

Bi_Shangani: Ni jeusi, na mfuniko hauna.