Madoa ya kemikali kwenye zege la nje: tupeane uzoefu, nani lilimtoka kweli?

Mpanda_Ua: Wakuu habari za saa hizi. Nimepita kwa mdogo wangu nikakuta njia yake ya zege imejaa vidoti vya rangi ya kutu, vingi hatari, nikajua tu hapa imerushwa mbolea ya nyasi ile yenye chuma. Punje zinadondoka kwenye zege hakuna anayezifagia, zikipata maji basi, kutu inaanza. Kapiga sabuni wee, wapi. Hebu walioshinda vita hii waseme, na wasije watu wa nadharia.

Kaka Presha: Mashine ya presha mkuu. Kwisha habari.

Mama Vyungu: Presha inatoa tope na ukungu, kutu haitoi, ile imeshazama kwenye vitundu vya zege. Na ukisogeza mdomo wa mashine karibu unachimba mistari, jirani yangu uwanja wake una michirizi mpaka leo.

Kaka Presha: Jirani yako hajui kushika mashine.

Gereji ya Nyuma: Mimi nazungumzia oili maana ndiyo nayoishi nayo. Ikimwagika usikimbilie maji jamani, maji yanaitandaza. Mwaga maranda au simenti kavu, acha inywe, fagia, rudia. Ile iliyokwisha zama unachanganya unga wa chokaa na kiyeyusha mafuta mpaka uwe uji mzito, unapaka, unafunika nailoni, unalaza usiku. Asubuhi toa nailoni, uji ukikauka unakuwa umefyonza oili, ukiukwangua unauona umebadilika rangi. Doa la zamani haliishi lote, linafifia. Anayekuambia linaisha anakuuzia dawa.

Zito la Mtaa: Hapo kwenye kufifia umenena.

Tundu la Sindano: Asidi tu. Ile ya kusafishia vigae vya chooni, mwaga, subiri itoe povu, suuza. Zege jipya.

Mama Vyungu: Kaka, hilo povu ni simenti yako inaliwa! Zege lina asili ya chokaa, asidi inalitafuna, ndiyo maana linachemka. Doa limeondoka kwa sababu sakafu yenyewe imeondoka.

Tundu la Sindano: Si limeondoka lakini?

Msimulizi wa Zamu: Ngoja niwape hii, hapo kwenye asidi mmenikumbusha mbali. Nyumba tuliyopanga uwani kulikuwa na doa la kutu chini ya tangi la maji, aliletwa kijana wa kusafisha. Akaanza na blichi ya nguo kwa sababu kulikuwa na ukungu pia, kaimwaga bila hesabu, wala hakusuuza. Kutu haikutikisika, maana blichi haina kazi na kutu. Mtu mmoja, mpangaji mwenzetu mjuaji wa kila kitu, akamletea asidi akamwambia mwaga hapo hapo juu. Kijana kapiga magoti na burashi, uso uko chini kabisa, akamwaga. Jamani. Ikatoka hewa ya kijani kama ya njano hivi, ikatambaa chini chini maana ile gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa, na yeye uso wake ndiko uliko. Alikohoa mpaka akashindwa kusimama, macho yanamwaga machozi, sisi tunaita tu toka toka, kila anayesogea anarudi anakohoa. Mzee mmoja akazunguka upande upepo unakotokea, akamkamata kwapani akamvuta mpaka nje ya geti. Hospitali walimwekea oksijeni, akalala huko, akapona. Mjuaji alikuwa wa kwanza kusema "si nilimwambia asuuze kwanza".

Zito la Mtaa: Mjuaji huyo namfahamu, yuko kila nyumba ya kupanga 😂

Tundu la Sindano: Pole kwa kijana. Ila hapo kosa ni blichi, asidi haina kosa.

Gereji ya Nyuma: We unabisha mpaka na hewa. Hata blichi na amonia ni balaa vilevile. Kimoja kwa siku, suuza mpaka basi.

Mpanda_Ua: Sasa vidoti vyangu jamani, mmeniacha kwenye hospitali.

Mama Vyungu: Tafuta asidi ya oksaliki, ya unga, ndiyo inayoshika kutu. Ni sumu, vaa glavu na miwani, watoto na mbwa ndani. Loanisha zege kwanza lisinywe dawa yote, jaribu kwenye kona isiyoonekana, ndipo upake. Unga unatiwa kwenye maji, si maji kwenye unga. Sugua kwa burashi ya nailoni. Ya waya inaacha vipande vya chuma, unajipandia kutu mpya mwenyewe.

Kaka Presha: Siki je? Mke wangu anatumia siki.

Mama Vyungu: Kutu changa sana labda. Nayo ni asidi, usiilaze hapo.

Kimya Sana: Mimi yalimwagika maji ya betri. Nimesugua na magadi kimebaki kiraka cheupe, kinamomonyoka, kokoto zinachungulia.

Gereji ya Nyuma: Hilo si doa mkuu, ni kidonda. Magadi yameua asidi iliyobaki tu, simenti iliyoliwa hairudi. Kwangua mpaka ufike penye ugumu, ziba na simenti.

Kimya Sana: Rangi itafanana na ya zamani?

Gereji ya Nyuma: Haitafanana.