Zawadi za Krismasi za kutengeneza nyumbani: achari, kashata, sabuni au mifuko ya kitenge?

Mama Tumaini (Tabata), 14 Novemba

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwaka huu nimeazimia kutengeneza kwa mikono yangu zawadi zote za Krismasi, na watu ninaowafikiria ni 19: ndugu 7 wa upande wa mume wangu walioko Marangu, ambako tutakwenda kwa basi tarehe 22 Desemba, majirani 5 tunaoazimana hadi chumvi, na wafanyakazi wenzangu 7, ambao 3 kati yao ni Waislamu. Nimejiwekea bajeti ya shilingi 150,000, na muda nilio nao ni jioni na siku za Jumamosi tu. Nimefikiria achari ya embe, kashata za karanga, mafuta ya nazi ya kukamua mwenyewe, sabuni ya mafuta ya nazi, na mifuko ya kitenge ya kwendea sokoni. Ninachohofia ni joto la Dar es Salaam la mwezi huo na safari ya zaidi ya kilomita 500 ndani ya buti la basi. Ninaomba maoni ya waliokwisha kuvitengeneza vitu hivi, wakaona kipi kinafika kikiwa kizima na kutumika mpaka kikaisha.

Mpishi wa Tanga

Mama Tumaini, waalaikum salaam. Krismasi si sikukuu yangu, lakini nimezungukwa na majirani wanaoisherehekea, na sahani zao huja kwangu siku hiyo kama zangu zinavyokwenda kwao siku ya Idi. Kwa hiyo nimewatengenezea achari na kashata kwa miaka mingi, na kwa safari yako ningechagua achari bila kusita.

Embe mbichi ni nyingi sasa. Chagua ngumu, ambazo kokwa lake bado linakatika kwa kisu. Kwa kilo 3 za vipande ninatia gramu 150 za chumvi, ninaviacha usiku kucha vitoe maji, kisha ninavianika juani kwenye ungo kwa siku mbili, mpaka kingo zijikunje na kipande ukikipinda kisivunjike. Hapo ndipo ninapovipika kwa siki, sukari, pilipili kavu, bizari ya manjano, uwatu na haradali. Hatua ya jua ndiyo wengi wanaoiruka, na ndiyo inayowaponza, kwa sababu embe isiyoanikwa huendelea kutoa maji ndani ya chupa, na baada ya wiki mbili unamkabidhi mtu rojo badala ya achari. Chupa zichemshwe kwa dakika 10, zikauke kabisa, na achari imiminwe ingali moto. Angalia pia mifuniko, kwani siki hula bati, hivyo mfuniko wenye mkwaruzo upande wa ndani usitumike.

Kashata za karanga ni tamu na rahisi, ila Desemba ya pwani ina unyevu mwingi. Zikikaa wazi usiku mmoja tu, sukari huanza kunata vidoleni. Ukizitengeneza, zikate zingali vuguvugu, zifunge moja moja kwa karatasi ya nta, na uzitie katika kopo siku hiyo hiyo. Karanga uzichambue punje kwa punje na kutupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, kwa ajili ya sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kukaanga. Kashata za nazi ziache kabisa, kwa kuwa hazivuki siku chache katika joto hili.

Kuna jambo moja hukuliuliza, lakini siwezi kulinyamazia. Wapo wanaogawa vitunguu saumu vibichi vilivyozamishwa katika mafuta ndani ya chupa nzuri. Usifanye hivyo. Ndani ya mafuta hakuna hewa wala siki, na vijidudu vya botulizimu vinaweza kukua humo bila harufu wala rangi ya kumwonya mlaji.

Msafiri wa Himo

Ninaunga mkono achari, ila ninaongeza habari za njiani. Mwaka mmoja nilipanga chupa 6 za chatne katika boksi, nikalikabidhi liwekwe buti. Tuliposhuka Himo chupa 2 zilikuwa zimepasuka, na nguo za watoto zilinuka siki sikukuu nzima. Tangu hapo ninazibeba chupa mwenyewe, kila moja imeviringishwa katika kanga, zikiwa zimesimama ndani ya ndoo yenye mfuniko ninayoiweka miguuni pangu. Kanga zenyewe nazo huwa zawadi tukifika.

Kuhusu mafuta ya nazi, fahamu kwamba huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Tabata yatakuwa maji, lakini usiku wa Marangu yatakuwa meupe na magumu kama samli. Shangazi yangu aliyaona hivyo asubuhi, akadhani yameharibika, akayaweka kando kwa heshima bila kuniambia neno, nami nikayakuta mwaka uliofuata yakiwa yamejaa vilevile. Ukiyapeleka, mweleze mpokeaji kwa mdomo kwamba akiisimamisha chupa katika maji ya moto yatarudi kama yalivyokuwa.

Mhasibu wa Nairobi

Kwa upande wa kazini ninatofautiana kidogo na Mpishi wa Tanga. Ofisini kwetu nimewahi kugawa achari mwaka mmoja na kashata mwaka uliofuata. Achari nyingi zilirudi nyumbani kwa watu na sikusikia habari zake tena, ilhali kashata zilifunguliwa palepale wakati wa chai ya saa nne, watu wakasogeza viti, na hata aliyekuwa hasemi na mwenzake akajikuta anampitishia kopo. Kwa kundi la watu 7 wanaokaa chumba kimoja, kitu cha kuliwa pamoja kina nafasi yake, na unyevu hauwi tatizo kikiisha siku hiyo hiyo. Uliza mapema tu kama kuna asiyeweza kula karanga, kwa sababu kwa baadhi ya watu madhara yake ni ya kukimbizwa hospitali.

Kama utabadili mawazo uoke keki ya matunda, zabibu kavu ziloweke katika chai nzito ya rangi na maji ya machungwa badala ya pombe. Zinalainika vizuri sana, na wenzako wote watakula kwa amani.

Fundi Sabuni (Mbagala)

Ninawasihi msiipite sabuni haraka, maana kwa watu wa Dar es Salaam ninaiona ndiyo zawadi yenye manufaa kuliko zote mlizozitaja. Mitaa mingi ya hapa tunaoga maji ya kisima yenye chumvi, ambayo sabuni nyingi hazitoi povu la maana ndani yake. Sabuni ya mafuta ya nazi hutoa povu hata katika maji ya bahari.

Ubaya wake ni kwamba haivumilii kukadiria kwa jicho. Gramu 1 ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 0.183 za kostiki soda (kemikali kali inayounguza, ya kutengenezea sabuni) ili igeuke yote kuwa sabuni, yaani gramu 183 kwa kilo 1. Sabuni ya kipimo hicho husafisha mno hadi ikakausha ngozi, kwa hiyo mimi hupunguza soda kwa asilimia 20, ninatumia gramu 146 na maji gramu 350, ili sehemu ya mafuta ibaki ikilainisha mwili. Kilo moja ya mafuta hunipa vipande 12 hivi vya gramu 100. Mizani ya kidijitali ya jikoni ni lazima, na kama huna wala huwezi kuiazima, chagua zawadi nyingine.

Soda humiminwa ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya soda, kwa sababu huchemka na kuruka. Fanyia kazi nje penye upepo, uvae glovu na miwani, watoto wakiwa mbali. Usitumie sufuria za aluminiamu, ambazo ndizo zimejaa majikoni mwetu, kwa kuwa soda huzila na kutoa gesi inayowaka. Ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma cha pua kinafaa. Sabuni hii huwa ngumu upesi, hivyo ikate siku hiyo hiyo kabla haijaanza kupasuka, kisha ipange kwenye rafu yenye hewa kwa wiki 4 hadi 6. Leo ni tarehe 14, kwa hiyo ukianza wiki hii utakuwa salama, lakini ukisubiri Desemba umechelewa.

Mshonaji wa Ilala

Mimi nitasema machache. Kitenge cha yadi 6 hutoa mifuko 12. Kata vipande vya sentimita 45 kwa 90, viwili katika upana wa kitambaa na sita katika urefu, kisha ukanda unaobaki pembeni ndio wa kukatia mikono. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kila mtu anahitaji mfuko imara wa sokoni. Nauweka juu ya zawadi nyingine kwa sababu hauozi, hauvunjiki wala hauulizi mtu anakula nini. Loweka kitambaa na ukikaushe kabla ya kukata, kisije kikaruka baada ya kushonwa, na mikono ishonewe kwa alama ya msalaba ndani ya mraba, maana hapo ndipo panapochanika mtu akibeba kilo 5 za viazi.

Mama Tumaini (Tabata)

Ninawashukuru sana, kwa kuwa mmeniondoa kwenye swali la kipi ni bora na kunirudisha kwenye swali la nani anaishi wapi. Majirani na wenzangu wa kazini jumla yao ni 12, na wote wanaoga maji ya kisima, hivyo watapata sabuni iliyotiwa ndani ya mfuko wa kitenge. Marangu nitapeleka achari chupa 7 miguuni pangu, kwa kuwa nyama haikosekani kule siku ile. Mafuta ya nazi nimeyaacha. Kashata nitatengeneza kopo moja la ofisini, nikishauliza habari za karanga. Mizani nitaazima kwa dada anayeoka keki mtaani kwetu, na sabuni nitaianza Jumamosi hii uani.

Mpishi wa Tanga, nina swali moja. Wiki hii huku kwetu jua linatoka asubuhi tu na mchana kunatanda mawingu. Je, embe zilizotiwa chumvi zinaweza kungoja?

Mpishi wa Tanga

Zinaweza. Zichuje maji yake, uziweke kwenye friji ndani ya chombo chenye mfuniko kwa siku mbili au tatu, na uzitoe asubuhi ya kwanza yenye jua kamili. Ungo ufunike kwa chandarua kwa ajili ya nzi, na uuingize ndani kabla ya magharibi, umande usije ukarudisha maji yote uliyoyatoa.