Naomba ushauri: tumbusi waliolishwa sumu
Habari zenu wakuu. Mimi ni daktari wa mifugo. Nimeletewa tumbusi waliookotwa kando ya mzoga wa ng'ombe. Gole (kifuko cha chakula shingoni) limejaa nyama yenye chembe za zambarau, kucha zimejikunja, nashuku kabofurani (sumu ya kuua wadudu). Eksirei haikuonyesha marisau (risasi ndogo ndogo). Ini, firigisi na nyama ya goleni nimeshagandisha (bila formalini, inavuruga kipimo cha sumu), vifuko vina lakiri na kila anayevishika anasaini.

Kinachonisumbua ni vichwa vya tumbusi: vimekatwa, na wakili wa utetezi atasema ni fisi. Pingili za shingo nizichemshe ili alama za kisu zionekane, au nitapoteza DNA? Na nyama ya ng'ombe, sampuli ngapi zinatosha kuoanisha sumu yake na ile ya goleni?